Jogoo Asiye na Kichwa

Adhieu akikwambia kwamba ndani ya begi lako kuna kisu, usibishane naye. Utajiaibisha bure. Mimi Gune nimefanya naye kazi miaka saba kwenye mashine ya kukagua mizigo, uwanja wa ndege wa Juba. Yeye anakaa kwenye skrini, mimi nafungua mabegi anayoyasimamisha, na sijamwona akikosea. Kidole chake kinabonyeza kitufe kabla mwenyewe hajajua kwa nini. Nikimuuliza, "Umeona nini?" ananijibu, "Ngoja, sijui bado." Nikipekua, kisu hicho hapo, kimeviringishwa ndani ya soksi.

Mwalimu aliyetufundisha kazi alisema huo si uchawi. Alitushikia kijiko juu, akasema, "Kitazameni, lakini mkatae kuona kijiko." Tulijaribu, tukashindwa, tukacheka kama wajinga. Akasema ubongo hauombi ruhusa. Kitu ulichokizoea unakutajia jina lake hata kama hukuuliza.

Hiyo ni kazini. Nje ya kazi, jamani, Adhieu ni mpweke mpaka anakera. Anakaa chumba kimoja kule mtaa wa Jebel. Sahani moja, kikombe kimoja. Krismasi nilipomtembelea nilinywea chai kwenye kifuniko cha chupa ya chai, yeye akaona sawa tu. Alilelewa Kenya, Eldoret, na mama aliyewapigia watu pasi ili watoto wale. Mama alipofariki, walibaki wawili duniani, yeye na dada yake mkubwa, Abul. Badala ya kushikana wakagombana, kaburi bado bichi, kila mmoja anaitaka pasi ya makaa ya mama. "Ichukue," Adhieu akasema, "na usinitafute tena." Akapanda basi akaja huku.

Miaka kumi na mitatu sasa. Hakuna namba wala salamu. Hasira hasara, nilimwambia, naye akaninunia wiki nzima. Lakini mimi nina macho. Kila mara abiria wa Nairobi wakiingia, shingo yake ilikuwa inarefuka. Alikuwa anamtafuta dada mnene, mcheka hovyo, mwenye nywele nyeusi tii. Akimkosa, alirudi kwenye skrini yake kimya, na siku hiyo hakuna wa kumsemesha.

Basi, Alhamisi moja asubuhi foleni ya kwenda Nairobi ilikuwa imefika nje. Akaja mama mmoja mwembamba, nywele nyeupe, akaweka begi kwenye mkanda. Alisimama akimtazama Adhieu. Adhieu akamwambia, "Yala, mama, songa mbele, watu wanangoja." Mama akasonga.

Begi likaingia. Mkanda ukasimama.

"Umeona nini?" nikauliza.

"Sijui." Akaigusa skrini kwa kidole.

Nikatazama na mimi. Pasi ya makaa, ya buluu kama chuma chochote kwenye ile skrini. Pasi hizo ziko tele, na zote zina jogoo mdogo wa chuma wa kufungia mfuniko. Huyu jogoo hakuwa na kichwa.

"Niliivunja mimi," Adhieu akasema. "Nilikuwa na miaka sita, ikaniponyoka. Abul alisema ni yeye. Akachapwa yeye. Gune, mwite mwenye begi."

Nikalifungua begi, nikaita. Yule mama mwembamba akarudi. Adhieu alikuwa ameshasimama, anachungulia foleni nyuma ya mama huyo. "Si wewe, mama," akasema. "Namtaka mwenye begi."

"Begi ni langu, Adhieu."

Adhieu akageuka, akamtazama usoni.

"Pasi umeitambua," Abul akasema. "Mimi je?"

"Abul, umekonda! Nywele zako..."

"Nimeugua. Nilikuja wiki tatu zilizopita, nikutafute kabla sijazidiwa. Siku ile walikuweka mlango wa kutokea, unakagua vibandiko vya mizigo. Nilisimama mbele yako. Ukaniambia, 'Kibandiko, mama.' Nikasema moyoni, kumbe bado ana hasira. Nikajiendea zangu mtaa wa Buluk kwa mashemeji."

"Naapa sikukutambua."

"Na leo?"

Miaka yote hiyo Adhieu amemtafuta, na amempita mara mbili.

"Pasi nilikuletea wewe," Abul akasema. "Sasa narudi nayo."

Wakatangaza abiria wa mwisho. Nyuma foleni ilikuwa inapiga kelele, na bosi anatufokea. Abul akafunga zipu ya begi taratibu, wapakizi wakalichukua, naye akaenda bila kugeuka. Adhieu hakuweza kumfuata, kwa sababu skrini haiachwi peke yake. Alikaa, akaendelea kutazama viatu na sufuria za watu, machozi yanamdondokea mapajani. Niliumia, nikaendelea kufungua mabegi.

Lakini mimi si mjinga. Kwenye kibandiko cha begi la Abul kulikuwa na jina na namba ya simu, na wao walipokuwa wanabishana niliiandika kwenye kiganja. Sheria hairuhusu. Basi wanifukuze.

Jioni, zamu ilipoisha, tulikaa nyuma ya ghala la mizigo. "Piga," nikamwambia. Akakataa. Alisema atasema nini, mtu aliyeijua pasi asimjue dada yake wa tumbo moja? Nikamwambia chuma hakizeeki wala hakiugui, ndiyo maana. Haikumsaidia. Nikapiga mwenyewe kwa simu yangu, nikaongeza sauti, nikamsukumia mkononi.

Ikaita sana.

"Halo?"

Adhieu alifumba macho. Alivuta pumzi tu, ikakatika katikati, akavuta tena. Nilitaka kumfinya. Namba ilikuwa ya kwangu, na Abul hakuijua. Nilihesabu moyoni kwamba sasa hivi atakata.

Hakukata.

"Adhieu," sauti ikasema, "acha kulia. Ulilia hivyo hivyo siku ulipovunja jogoo."