Marais wa Nchi Isiyokuwepo

Jumamosi alikuja mwalimu mstaafu kununua shuka katika duka la vitambaa ninamouza, kule Darajani. Fundi cherehani wa barazani kwetu akamchokoza kwa ubishi wao wa kila wiki: je, majimbo ya kusini ya Marekani, yaliyopigana vita ili yabaki na watumwa, yangeshinda, leo ingekuwaje?

"Wangekuwa na taifa lao mpaka leo," alisema mwalimu, akihesabu marais kwa vidole. "Wa kwanza jemadari. Wa pili mwanawe. Wa tatu tajiri wa pamba."

"Na balozi wao angepanga nyumba Shangani," fundi akacheka, "nami ningemshonea suti!"

"Weye? Hata soksi usingeweza kumshonea!"

Tangu niache shule kidato cha pili ili nimuuguze mama, mazungumzo yangu na watu ni rangi na mita tu. Basi nikanyoosha mkono, kama darasani.

"Na wachuma pamba, mwalimu? Leo wangekuwa nani?"

Mwalimu akakunja vidole vyake, fundi akainamia cherehani yake. Nchi isiyokuwepo ilishapata marais watatu na balozi mwenye suti, msomaji wangu, na hakuna aliyemkumbuka mtu wa shambani. Nasi tulikuwa hatua chache tu kutoka palipokuwa zamani soko la watumwa kisiwani kwetu.

"Swali zuri sana, mwanangu," alisema mwalimu, akichukua furushi lake. "Jumatatu kamuulize mwalimu wako wa historia."

Nilitamani aketi ili tulijibu pamoja.

"Inshaallah, mwalimu," nikasema.