Gari Lenye Jicho na Goti la Phelista

Goti la kulia la Phelista Nabwile lilistaafu kabla ya mwenyewe. Alianza kukanyaga cherehani akiwa msichana kwa shangazi yake pale Kanduyi, akaolewa Kitale akaendelea kukanyaga, na kufikia mwaka wa elfu mbili na tisa, wajukuu wakishamwita kukhu, goti hilo lilikuwa likivimba kila mwisho wa wiki kama andazi kwenye mafuta. Daktari alimwambia apumzike. Phelista alimwuliza nani atashona sare za watoto yeye akipumzika. Daktari akainama akaandika dawa.

Cherehani yenyewe alikuwa ameshaifunga mota. Kilichobaki kumtesa ni barabara. Wateja wake wakubwa walikuwa shule za upande wa kwao, Misikhu, Kanduyi, mpaka Sirisia. Zamani alikuwa akituma mizigo kwa matatu, hadi siku moja mvua iliponyeshea marobota juu ya keria, sweta za kijani zikachuja rangi kwenye mashati meupe, na mwalimu mkuu mmoja akamrudishia zote. Tangu hapo aliapa kupeleka kazi yake mwenyewe. Kila muhula ulipokaribia kufunguliwa alikuwa barabarani na pikapu kuukuu, Kitale hadi Bungoma na kurudi, mguu juu ya pedali ya mafuta, goti likimtafuna.

Mumewe, Wabwile, alikuwa karani mstaafu wa ofisi ya ardhi. Leseni ya kuendesha alikuwa nayo, lakini kazini alizoea kuendeshwa, na tabia hiyo alistaafu nayo. Yeye alikaa upande wa abiria, gazeti magotini, akitoa maelekezo. Ndiye aliyeuza ile pikapu bila kumwuliza mtu, akaleta gari dogo la rangi ya fedha lililotoka Japani, safi, otomatiki, lenye harufu ya sabuni. Phelista alilitazama lilivyolala chini karibu na nyasi, akawaza marobota yake.

"Baba Tonny, sare zitaingia wapi?"

"Viti vya nyuma vinalala. Lakini hiyo si kitu. Ngoja uone."

Aliyewauzia, Munene, kijana mcheshi mwenye yadi ya magari nje kidogo ya mji, alikuja kuwaonyesha. Kando ya usukani kulikuwa na kijiti kifupi. Unafika mwendo unaotaka, unakibonyeza, unatoa mguu; gari linashika mwendo huo lenyewe. Yeye alikiita kruzi. Kruzi si kitu kigeni, alisema, ila hii ilikuwa na jicho. Akainama akawaonyesha kidude cheusi katikati ya bampa na taa.

"Likiona gari mbele yako, linapunguza lenyewe. Gari ikitoka, linarudi kwa ile speed yako. Lakini mama, si dereva hiyo. Dereva bado ni..."

Wabwile alikuwa ameshamshika mkono, anamshukuru. "Umesikia, Mama Tonny? Goti limepata likizo!"

Na siku ya kwanza, ni lazima isemwe, lilipata. Walitoka asubuhi, barabara kavu, na walipoiacha Kiminini nyuma Phelista akabonyeza kijiti, akauondoa mguu polepole kama mtu anayemlaza mtoto asimwamshe. Gari likaendelea. Mahindi yakapita huku na huku. Mbele yao lori la magogo lilikuwa likijikokota, na gari la Phelista likalegeza mwendo bila kuambiwa, likalifuata kwa mbali kidogo, kwa adabu. Wabwile akapiga makofi kama yuko kanisani. Phelista alikuwa amenyoosha goti, na goti lilikuwa kimya. Machozi yalimlengalenga, akajifanya ni jua.

Safari zilizofuata zilimtoa machozi ya aina nyingine.

Kwanza, ile adabu. Gari liliacha nafasi mbele yake, na katika barabara ile nafasi mbele ya gari ni kama kiti kitupu harusini, hakikosi mtu. Matatu ilichomoka nyuma, ikajitupa pale. Jicho likashtuka, gari likafunga breki, aliye nyuma akapiga honi ndefu. Likaacha nafasi nyingine, ikaingia nyingine. Kufika Kamukuywa Phelista alikuwa amepitwa na kila chenye magurudumu.

Pili, matuta. Jicho halikujua tuta ni nini. Lilijua magari tu, tena magari yanayotembea. Ng'ombe aliyesimama, mkokoteni, punda, hayo hayakulihusu. Tatu, mvua. Wipa zilipoanza kwenda kasi kitu chote kilijizima kwa mlio, na sauti ya mwanamke ikatangaza jambo kwa Kijapani, kwa upole mno. Phelista alimjibu kwa Kibukusu, maneno ambayo hayaandikwi. Matope nayo yaliliziba jicho, akawa anashuka na kitambaa kulipangusa kama anayempangusa mtoto kamasi. Na kwenye kona ya kuteremkia daraja, lori lililokuwa mbele lilipopinda, jicho likaangalia moja kwa moja, likaona hewa tupu, gari likaongeza mwendo kuifuata hewa hiyo. Alikanyaga breki akiwa na jasho mgongoni.

"Ni wewe hujaizoea," alisema Wabwile, akifungua ukurasa. "Unashindana nayo. Wazungu na Wajapani wanalala mle ndani."

"Walale kwao. Kwao kuna ng'ombe barabarani?"

"Achilia gari ifanye kazi, Mama Tonny. Ukiigusa breki tu inajizima, halafu unalalamika imezima."

Maneno hayo, *achilia gari*, aliyasikia hata akiwa anakata vitambaa. Aliyasikia mpaka akaanza kuyaamini. Goti lilimuuma mno hata asiweze kuacha kuamini. Akajifunza kuvumilia anaposhtuka, akajifunza kutokimbilia breki. Na kwa sababu mguu uliokaa mbele bila kazi ulichoka, akaanza kuukunja nyuma, chini ya kiti, ambako goti lilipoa vizuri zaidi.

Ndivyo ulivyokaa mguu wake siku alipoigonga baiskeli ya mtu aliyeitwa Wanyonyi.

Ilikuwa wiki ya kufungua shule. Nyuma walikuwa na sare za Sirisia, zimejaa mpaka dirishani. Kabla ya Misikhu walikuwa wanalifuata lori la mchanga lililokwenda polepole. Phelista alikuwa ameweka mwendo mkubwa zaidi ya huo, tangu kule kwenye barabara tupu, na jicho lilikuwa limeupunguza kwa sababu ya lori. Yeye alishasahau aliweka ngapi. Wabwile alikuwa akimsomea tangazo la mazishi la mtu waliyemfahamu.

Karibu na soko lori likawasha taa ya kushoto, likatoka barabarani likaingia njia ya vumbi. Barabara mbele ikafunguka. Gari likanguruma, likajitupa mbele kama ndama aliyefunguliwa kamba.

Pale mbele, pembeni ya lami, mwanamume alikuwa amesimamisha baiskeli akifunga upya mzigo wa kabichi. Phelista alimwona. Hilo ndilo lililomtesa baadaye, kwamba alimwona vizuri kabisa, mpaka rangi ya shati lake, na kwa kitambo alingoja jicho nalo limwone.

"Mama Tonny!"

Mguu ulikuwa chini ya kiti. Aliuvuta, kiatu kikanasa kwenye zulia, akauvuta tena, goti likapasuka kwa maumivu, akaipata breki akaikanyaga kwa nguvu zake zote huku akipinda usukani. Matairi yakalia. Mwanamume aliruka mtaroni. Kona ya bampa iligonga gurudumu la nyuma la baiskeli, na kabichi zikabingirika hadi ng'ambo ya barabara.

Mara watu wakajaa.

Mwenye baiskeli, Wanyonyi, alitoka mtaroni akiwa amechubuka kiwiko na shavu, akamjia Phelista dirishani kwa hasira, kwa lafudhi nzito ya Kibukusu.

"Mayi, wewe mama, ulitaka kuniua kwa balabala? Hukuniona?"

"Nilikuona."

"Uliniona! Sasa kama uliniona, mbona gari iliongeza mbio? Nimeisikia mimi na masikio yangu!"

Wabwile alishuka upande wake, gazeti bado mkononi.

"Wazee, tulieni. Si yeye. Gari ndiyo ilikimbia yenyewe. Iko na jicho hapa mbele..."

Watu walimtazama. Mama mmoja muuza ndizi akacheka kwanza, kisha wengine, kicheko kibaya. "Ati gari imekimbia yenyewe! Basi gari ndiyo ishikwe ipelekwe polisi!" Mtu akaupiga mlango kwa kiganja. Phelista aliona mambo yanaelekea kubaya, akafungua mlango, akashuka kwa mguu mmoja, wa pili ukakataa. Akasimama ameegemea gari.

"Ni mimi," alisema. "Nilikuwa nimekaa vibaya. Ndugu yangu, ingia nikupeleke zahanati uangaliwe."

"Mimi niingie ndani ya hiyo kitu? Hatali hiyo! Wacha nitembee."

Na kweli alitembea. Zahanati haikuwa mbali, naye Phelista akamfuata kwa miguu, akichechemea, mpaka haikujulikana vizuri mgonjwa ni nani. Walimpaka dawa ya vidonda, wakamgusagusa mbavu, wakamwambia yuko sawa. Fundi wa baiskeli alitafutwa, gurudumu likabadilishwa, kabichi zilizopasuka zikalipwa. Wanyonyi alipopanda baiskeli yake kuondoka hakumpa Phelista mkono. Alimwambia tu, bila hasira sasa, "Mama, mguu ukae mahali pa mguu," akaenda zake.

Walirudi garini, wakaendelea na safari mpaka Lugulu.

"Tutaiuza," Wabwile alisema.

"Tuiuze tununue nini? Pikapu yangu si uliiuza?"

"Mimi nilikuwa nakufikiria goti."

"Najua!" Phelista aliupiga usukani kwa kiganja. "Najua ulinifikiria, na ndiyo maana siwezi hata kukukasirikia vizuri. Lakini usiniambie tena niachilie gari. Nimeiachilia, umeona."

Hawakuiuza. Phelista alikaa na jambo hilo kwa siku kadhaa, akaamua kwamba jicho lenyewe halikuwa na kosa. Lilifanya alichoahidi Munene, kupunguza likiona gari, kurudisha mwendo likiliona limetoka. Aliyelipatia kazi isiyo yake ni yeye. Kwa hiyo akajiwekea sheria. Sokoni, mjini, kwenye kona, kwenye mvua, kijiti hakiguswi. Mahali pa kukibonyeza ni pale barabara inaponyooka na mtu anaona mbali. Lori la mbele likionyesha tu dalili ya kutoka, anazima kabla halijatoka. Mwendo anaoweka ni ule anaokubali gari liurudie lori la mbele likitoka, si ule anaoutamani. Na mguu wa kulia unakaa juu ya breki, karibu yake, umeamka.

Sheria zilikuwa nzuri. Kero ikawa ni hiyo ya mwisho. Mguu unaoning'inia juu ya breki bila kukanyaga unabebwa na nini kama si goti? Aligundua safari ya kwanza tu, kabla hata ya Kamukuywa. Kukanyaga mafuta kulikuwa kunamuuma. Kungoja kukanyaga breki kulimuuma zaidi. Na ukitoa masoko, kona, mvua na matuta, barabara nzima ya Kitale mpaka Bungoma ilimbakishia vipande vitatu au vinne vya kukitumia kile kijiti, vifupi, kila kimoja kikiisha mara tu alipoanza kukizoea. Kitu chote kile, jicho lote lile, kwa pumzi kidogo kati ya Kiminini na mteremko wa daraja.

Alipofika nyumbani jioni hiyo aliketi kwenye ngazi, akakunja sketi, akalitazama goti. Wabwile alimletea maji ya moto na kitambaa, akachuchumaa, akaanza kulikanda bila kuambiwa.

"Sasa tutafanya nini?" aliuliza.

"Kuna mtu kwenye nyumba hii ana magoti mawili mazima na leseni."

Wabwile alikanda tena mahali palepale.

"Mimi sijaendesha tangu Tonny akiwa shule ya msingi."

"Basi utaanza Jumatatu. Au tusiende, na watoto wa Sirisia waliobaki bila sare waende shule uchi."

Jumatatu Wabwile alikaa nyuma ya usukani, amevaa koti la ofisini, mikono yote miwili juu kama anayeomba. Kijiti hakukigusa, alikiogopa. Aliendesha kama anabeba mayai ya mtu mwingine. Waliotoka sokoni kwa baiskeli waliwapita. Trekta la miwa liliwapita, dereva wake akawapungia. Phelista, amenyoosha mguu mpaka chini ya dashibodi, viatu amevua, alijikuta akikanyaga zulia kila walipofika mahali ambapo yeye angekanyaga mafuta.

"Baba Tonny, hapo barabara iko wazi. Ongeza kidogo."

"Unaona yule mtu na mkokoteni?"

"Yuko mbali!"

"Mimi namwona," alisema Wabwile, na akapunguza.

Phelista akageuka dirishani, akauma mdomo. Walipofika Sirisia, geti la shule lilikuwa limefungwa na mwalimu mkuu alikuwa ameshakwenda zake nyumbani. Mlinzi aliwaambia warudi na mizigo kesho. Phelista alilitazama lile geti, akamtazama mumewe aliyekuwa bado ameshika usukani kwa mikono miwili ingawa injini imezimwa, koti limemlowa jasho mgongoni.

"Tutalala kwa dada yako Kanduyi," alisema. "Na kesho tutoke mapema."

"Mapema saa ngapi?"

"Kwa mwendo wako? Sasa hivi."