Gunia Lisilo na Masikio

Katika nyumba niliyofanyia kazi Kitale kulikuwa na rafu nzima ya riwaya za upelelezi, za Uingereza ya zamani, enzi za Malkia Viktoria. Marehemu mwenye nyumba alizipenda. Mimi nilizipangusa vumbi kila Jumatano, na kwa kuwa nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nilizisoma nikiwa nimesimama, kitambaa mkononi. Zote zilinikera kwa jambo moja. Mtumishi wa ndani anaitwa sebuleni, anaulizwa maswali mawili, anaambiwa atoke. Kisha anafika bwana mmoja kutoka mjini, anachunguza majivu na matope ya viatu, na watu wanashangaa alivyo na akili. Hayo majivu nani aliyazoa kila asubuhi? Hivyo viatu nani alivisugua?

Tulikuwa watumishi watatu: mpishi, mzee wa ng'ombe, na mimi niliyefua na kusafisha. Mpishi alitoka Mabanga, upande wetu wa Bungoma, na ndiye aliyenitafutia kazi hiyo. Nilimwita Anti. Alikuwa amepika katika jiko lile miaka kumi na tisa, na mwaka huo alikusudia kurudi kwao kupumzika. Akina mama wa kanisa lake walikuwa wamekwisha kumchagua awe kiongozi wao akirudi, na alilizungumza jambo hilo kila siku, mpaka nikawa namtania kwamba atatufanya tumwimbie kabla ya kula.

Siku mbili kabla ya ibada ya kumkumbuka marehemu, saa yake ya dhahabu ilikosekana kwenye droo ya chumba cha mjane, ambaye sote tulimwita Mama. Mwanawe wa pekee, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, alikuwa amekuja kutoka Nairobi kwa ajili ya ibada. Alikuwa ameiomba saa hiyo mara mbili na kunyimwa, maana trekta ya baba yake alikuwa ameshaiuza. Mama alifunga geti, akasema hakuna atakayetoka, awe mtoto au mtumishi, kabla ya kupekuliwa.

"Si ni huyu mboch mzee?" mwana akasema, akimnyooshea mpishi kidole. "Nani mwingine huingia kwa room yako kila asubuhi na chai?"

Mkoba wa Anti ulimwagwa kwenye nyasi. Leso mbili, kitabu cha nyimbo, dawa ya presha. Saa haikuwemo, lakini jambo hilo halikumsaidia.

"Mama, miaka kumi na tisa," Anti akasema. "Umewai kosa hata kijiko?"

"Shetani huingia siku moja tu," Mama akajibu.

Akaambiwa akae getini angoje pikapu ya maziwa imtoe. Mbele yake Mama akampigia simu mchungaji wa kule Mabanga, akamweleza. Hapo ndipo Anti alipolia.

"Kazi wachukue," akaniambia. "Lakini hii jina ya mwizi, hapana. Nitaingia nayo kanisa aje?"

Nilirudi kwenye karai langu nikiwa na hasira ya kupasua nguo. Shati la kwanza lililonijia mkononi lilikuwa la mwana. Mkono wa kulia ulikuwa na unga mweupe mpaka kwenye kiwiko, na ulinuka ile dawa tunayochanganya na mahindi ili yasibunguliwe. Mtu yule hakuwa amekanyaga ghala tangu utoto wake, alisema vumbi linamwasha.

Nilimwita mzee wa ng'ombe tukaingia ghalani. Sakafuni kulikuwa na vipande vya kamba ya katani, vimekatwa kwa kisu. Sisi hatukati kamba ya gunia. Unatafuta ncha, unavuta, inafumuka yote, unaizungusha na kuiweka kwa msimu ujao. Mzee akapita katikati ya magunia akiyapapasa midomo, akasimama kwenye moja lililokuwa nyuma. Lilikuwa limeshonwa moja kwa moja, bila masikio. Kila anayeshona gunia huacha pembe mbili zimefungwa, zitokeze, ili wanaolinyanyua wapate pa kushika.

"Hii imeshonwa na mtu hajawai beba gunia," mzee akasema. "Na kwa hii boma, huyo ni mmoja tu."

Tulicheka, naona aibu kusema. Chai haijachemka tulikuwa tumeshamaliza upelelezi, bila kofia ya bwana wa mjini.

"Twende tuseme hapo geti," mzee akasema. "Watu wa maziwa wako hapo, waskie."

Nikakataa. Kwetu nilifunzwa kwamba mtoto wa mtu haumbuliwi mbele ya watu, unamwendea mzazi kando, kwa sauti ya chini. Niliona ndiyo heshima. Mpaka leo nikikumbuka heshima yangu hiyo natamani kujizaba kofi.

Nilimnong'oneza Mama kando, akaja ghalani peke yake. Nilifumua mdomo wa gunia, nikazamisha mkono, nikatoa soksi. Saa ilikuwa ndani. Aliifuta kwa leso taratibu, akaketi juu ya magunia. Nilimhurumia. Kisha akasema, "Shona. Na uache masikio."

Nikashona. Akamwambia mzee alichukue gunia kwa toroli mpaka getini. Nikadhani ni zawadi ya kumwomba Anti msamaha.

Majirani walikuwa wamejaa na mitungi yao ya maziwa. Mama akasimama mbele yao.

"Saa imepatikana," akasema. "Mimi ni mkristo. Huyu nimemsamehe. Na nampea haya mahindi, aende na amani."

Watu wakasema amina. Jirani mmoja alipiga makofi kabisa.

Anti hakumtazama Mama. Alitazama gunia, akagusa masikio yake. Ushonaji ule ni yeye aliyenifunza, aliujua kama mwandiko. Kisha akanitazama mkono, mweupe wa dawa mpaka kwenye kiwiko.

"Wewe umeona penye imetoka," akasema. "Sema."

Wote wakanigeukia. Mzee pia, toroli mkononi. Mama alinitazama kwa utulivu, jinsi anavyotazama mtu anayengoja kuletewa chai. Nilimfikiria mdogo wangu aliyekuwa shuleni kwa jasho langu, na hilo ni kweli, lakini si kweli yote. Niliogopa tu.

"Pikapu inangoja, Anti," nikasema.

Alipanda bila gunia. Mzee aliacha kazi wiki hiyo hiyo, akaenda Moi's Bridge, wala hakuniaga. Mimi nilikabidhiwa ufunguo wa jiko siku iliyofuata. Nilipika chakula cha ibada, nikamwandalia mwana kuku, na saa ya baba yake ilikuwa mkononi mwake. Nilikaa pale miaka minne.

Mama alipofariki, mwaka jana, nilikwenda Mabanga. Anti alinikaribisha, akachemsha chai. Uongozi wa akina mama hakuwahi kuupata, na kanisani huketi nyuma karibu na mlango. Nilimweleza yote: shati, kamba, soksi. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, kama wale mabwana wa riwaya katika sura ya mwisho. Nikamwambia Jumapili niko tayari kusimama kanisani niseme.

Alikunywa chai yake hadi ikaisha.

"Wale walisikia kwa geti, wengine wamehama, wengine wamekufa," akasema. "Hawa wa huku nao wamezoea."

Akakichukua kikombe changu kabla sijainuka kukiosha.

"Mimi nilijua siku ile ile, mwanangu. Si mimi ulifaa kuambia."