Vigingi vya Mama

Wiki ile nilijiona mjanja kweli kweli. Nafanya kazi ya kuchapa barua na kujazia watu fomu kwenye duka la kompyuta hapa Garsen, kwa hivyo mambo ya mtandao sifundishwi na mtu. Nilifungua akaunti kwa jina la uongo. Nikaziba nyuso zote kwenye picha, nikafuta alama za mahali ilipopigwa, kisha nikawasha VPN, ile programu inayoifanya simu ionekane iko nchi nyingine. Kwa mtandao nilikuwa Uholanzi, na huku nimekaa Garsen nakula ugali na samaki.

Picha yenyewe ilikuwa ya mtumbwi. Mafuriko yalikuwa yamepungua, lakini nyumba ya mama ilikwenda na maji. Yeye na majirani walikuwa wakilala kwenye madarasa ya shule ya msingi, kule juu, wakisubiri maturubai ya msaada. Jumatatu wanafunzi wangerudi, na asiye na turubai angelala nje. Sasa Jumanne nimefika kijijini kwetu, nimeteremka mtoni, naona maturubai yale yale, hata nailoni zake hazijafunguliwa, yanavushwa ng'ambo kwa mtumbwi. Mwenyekiti wa kamati ya mafuriko amesimama ukingoni anahimiza watu wapakie. Ng'ambo kuna ghala lake, na hakuna hata mtu mmoja aliyefurikiwa huko. Damu ilinichemka. Nikajibanza nyuma ya migomba nikapiga picha.

Sikujificha kwa ajili yangu. Orodha ya maturubai ilikuwa mkononi mwa mwenyekiti, na jina la mama lilikuwemo. Angejua ni mimi, angelifuta.

Picha ikasambaa. Wateja dukani walinionyesha picha yangu mwenyewe, nami nikatikisa kichwa nikashangaa pamoja nao.

Alhamisi mama akanipigia simu, nifike kijijini mara moja. Nikapanda boda. Alinikuta njiani, akanipeleka moja kwa moja hadi mtoni.

Kwetu mwanamke hachoti maji hivi hivi, mamba wapo. Kila nyumba huchomeka vigingi majini kuzunguka mahali pake pa kuchotea. Wengine huvifunga kwa waya au kwa kamba za magome. Mama hufunga kwa vitambaa vya leso zake kuukuu, vyekundu, mafundo mawili mawili, na sisi watoto wake tumemcheka miaka yote. Akaniambia nitoe simu, niitazame ile picha chini, upande wa kushoto. Kulikuwa na vigingi vitatu na vitambaa vyake.

"Mwanangu, umeficha uso wa kila mtu, ukaacha vigingi vyangu," akasema.

Kumbe wanawake wa mtoni walivitambua siku ile ile. Wao walinyamaza, ila mke wa mwenyekiti naye huchota maji papo hapo, na anajua mwenye vigingi hivyo ana mtoto wa kompyuta. Nikasema naifuta sasa hivi. Mama akaniuliza nafuta nini, kwani maturubai yamerudi? Niliona aibu, nikarudisha simu mfukoni.

Ijumaa ukaitwa mkutano pale shuleni. Mwenyekiti akatangaza kwamba hakuna turubai litakalogawiwa mpaka aliyeaibisha kijiji ajitokeze. Muda wote alikuwa anamkazia macho mama. Mama naye alimkazia yake. Sikungoja.

"Nimepiga mimi," nikasema. "Sasa na wewe tuambie yako wapi."

Mwenyekiti akafungua orodha, akatoa kalamu, akalikata jina la mama mbele ya watu wote, polepole, kama fundi anayepiga mstari. Hapo ndipo wanawake wakaanza kumwuliza swali lile lile, huyu akikaa yule anasimama, mpaka akasema eti alikuwa anayahifadhi yasinyeshewe.

Jumamosi mtumbwi ukarudi umejaa. Watu wakaitwa majina, mmoja mmoja. La mama halikuitwa.

Jumatatu kengele ilipogongwa, mama alitoka darasani na mkeka wake na sufuria mbili. Jirani alimkaribisha kwenye turubai lake, akashukuru, akasema atakuja baadaye. Akateremka mtoni, akaweka vitu vyake chini, akasimama mbele ya vigingi, akajifunga leso vizuri. Mimi nilikuwa nalia kwa hasira, maana ni mkono wangu uliomtoa kwenye orodha. Yeye hakuwa na haja na machozi yangu.

"Piga," akaniambia. "Na uso wangu usiuzibe."

Nikapiga. Nikazima VPN, nikaingia kwa akaunti yangu ya kila siku, yenye sura yangu na jina langu. Chini ya picha nikaandika majina ya mama yote matatu, kama yalivyokuwa kwenye orodha kabla hayajakatwa.