Motere Ndani ya Salo

Mdogo wangu alinunua gari la michezo katika mji ambao hata mbuzi huangalia pa kukanyaga. Lilikuwa jekundu, la viti viwili, na la chini sana: kuingia ulishuka kama mtu anayeingia shimoni, na kutoka lazima mtu akuvute mkono. Lilitoka Japani, likapita Mombasa na Kampala juu ya lori, likafika Goma bila mkwaruzo. Mawe ya volkano yalikuwa yakilingoja huku kwetu.

Yeye ni mfanyabiashara wa maharagwe na vitunguu kati ya Butembo na hapa, na maisha yake yote amesafiri kwenye malori yanayonuka vitunguu. Nadhani ndiyo sababu. Wenzake wakipata nafuu wanajenga nyumba. Yeye alitaka kukaa peke yake ndani ya kitu kisichonuka.

Siku gari lilipokufa alikuwa amembeba bibi harusi. Rafiki yake alikuwa anaoa, naye akajitolea gari, maana aliona ni dhambi kitu kizuri kama kile kisionekane na watu waliovaa suti. Viti vikiwa viwili, bwana harusi alipandishwa jipi iliyokuwa nyuma pamoja na shangazi zake. Walipotoka kanisani na kukata kuelekea Murara, jiwe likapasua karteri, lile bakuli la mafuta lililo chini ya injini. Taa nyekundu ikawaka mbele yake. Aliiona, mwenyewe alisema. Lakini nyuma kulikuwa na msafara mzima unapiga honi na fanfari, bendi ya tarumbeta ya parokia, juu ya pikapu, akaona haya kusimama. Akaendelea mpaka injini ikaanza kulia kama sufuria iliyojaa misumari, kisha ikakwama, ikazima. Bibi harusi alimalizia safari kwa pikipiki, shela ameikunja mapajani, na niseme ukweli, huko ndiko alikoonekana mwenye furaha.

Gari lilisukumwa mpaka uani kwangu, kwa sababu mimi ndiye dada mkubwa na nina lango pana.

"Yaya, nakuachia kidogo tu," aliniambia. "Nikitoka Butembo nitatafuta fundi."

"Fundi wa nini? Hii ni maiti."

"Usiseme ivo mbele yake," akasema, huku akilipapasa boneti.

Akaenda zake Butembo. Kuku wangu wakaingia kwa dirisha lililoachwa wazi, wakaanza kutaga kwenye kiti cha dereva. Sijawahi kuona kuku wenye majivuno kama wale.

Mimi nashona nguo. Mume wangu anafanya kazi Rumangabo, kwenye makao ya mbuga, na hurudi mwisho wa juma barabara ikikubali. Binti yetu alikuwa na miaka kumi na sita, anasoma shule ya ufundi, upande wa mekaniki, msichana pekee darasani. Shuleni kwao kulikuwa na injini moja ya kujifunzia. Ilikuwa imefunguliwa na kufungwa na vizazi vya wanafunzi hadi boliti zake zikawa laini kama pipi iliyolambwa. Asubuhi moja alisimama mlangoni pa chumba changu cha kushonea.

"Mama, mutu akiacha maiti kwako, unaweza kuifungua?"

"Kama uko munganga."

"Na kama uko mekanisie?"

Nilikuwa na pini mdomoni. Alichukulia kwamba nimekubali.

Niliamini atachoka mapema. Hakuchoka. Alisimamisha miti mitatu ya mikaratusi juu ya gari, akaazima palan, winchi ya mnyororo, kwenye gereji ya jirani, na kwa mnyororo ule akaivuta injini nje polepole, mimi nikiwa upande wa pili naishika isiyumbe na kumwomba Bikira Maria anihurumie vidole. Ilipokuwa hewani, mvua ikaanza. Hatukuwa na paa uani. Mbele yetu mlango wa salo, sebule yetu, ulikuwa wazi. Tukaishusha, tukaiburuta ndani juu ya mkeka, tukaikalisha juu ya tairi kuukuu kati ya kabati la vyombo na kochi la mume wangu.

Mume wangu alifika Jumamosi, akafungua mlango, akasimama na begi lake mkononi.

"Hii ni nini?"

"Motere, papa," binti yake akajibu.

"Naona ni motere. Nauliza iko nafanya nini pa televizyo."

"Televizyo iko chini ya kitanda yenu."

Aliniangalia mimi. Nikaangalia dari. Akaketi kwenye kochi lake na kuitazama injini muda mrefu, kama mgeni aliyekaribishwa na mke bila kuulizwa. Jioni ile alikula sombe, majani ya muhogo, akala tena, halafu akauliza kwa upole kwa nini sombe inanuka petroli. Tulikuwa tumeoshea pistoni kwenye ile sufuria. Nilikuwa nimeisugua vizuri, lakini petroli haisahauliki upesi.

Ndani ya injini tulikuta yale tuliyotarajia. Kusine, vile vipande vyembamba vinavyokaa kati ya chuma kimoja na kingine ili visisagane, vilikuwa vimeyeyuka na kujikunja. Vilabreke, ule mhimili mzito unaozungushwa na pistoni, ulikuwa umekwaruzwa kana kwamba mtu ameutafuna. Tuliubeba kwa pikipiki, binti yangu ameupakata kama mtoto mchanga aliyefungwa kitenge, mpaka kwa fundi wa tano mjini, wanne wakiwa wamekataa, naye akausawazisha. Kusine mpya niliziagiza kwa mama anayeniletea vitenge kutoka Kampala. Zilifika zimefichwa katikati ya robota, na kwa mara ya kwanza tangu nianze biashara nilifungua robota la vitenge bila kuangalia rangi.

Halafu zikaja zile siku. Kila mtu wa Goma anazijua, sina haja ya kuzieleza. Mume wangu alikuwa Rumangabo na barabara imefungwa, simu haziingii. Mimi na binti yangu tulikuwa nyumbani wawili. Milio ya risasi na mabomu ilipokaribia mtaa wetu, ilikuwa asubuhi, chai ingali mezani. Watu wote wanajua ulale chini, mbali na dirisha, nyuma ya kitu kizito. Nyumba yetu ni ya mbao. Kitu kizito kilikuwa kimoja.

Tukalala kwenye sementi kati ya injini na ukuta, nimemfunika kwa mkono, pua yangu imegusa chuma. Nikaanza rozari. Yeye haombi kwa sauti, tangu utotoni ni mbishi wa sala. Nikamsikia ananong'ona kitu kilekile tena na tena: "Moja, tatu, nne, mbili. Moja, tatu, nne, mbili."

"Uko nahesabu nini?"

"Namna pistoni zinawaka, mama. Njo mupango yao."

Nikarudi kwa Salamu Maria. Lakini kitu kilipasuka karibu sana, mabati yakalia, nikapoteza nilipofika. Nikajikuta nasema naye moja, tatu, nne, mbili, na shanga za rozari zinapita vidoleni mwangu kama kawaida. Tukasema hivyo kwa muda mrefu. Sijui kama sala ile iliandikwa mahali huko juu, na kama iliandikwa, sijui waliiweka upande gani. Milio ilipohama tuliinuka, tukakuta risasi imepita kwenye bati na kuingia kwenye kochi la mume wangu, pale pale anapoweka mgongo. Injini haikuguswa.

Alirudi njia ilipofunguka, amekonda, na ndevu ambazo sikuzipenda. Alitushika sote wawili mlangoni. Kisha akaingia, akaona tundu kwenye kochi lake, akaingiza kidole ndani mpaka mwisho. Hakulalamika tena kuhusu televisheni.

Shule zilikuwa zimefungwa na hakuna aliyekuwa anashonesha nguo. Mtu haagizi gauni asipojua kama kesho kuna harusi. Kwa hiyo tukafunga injini, mimi na yeye, kutwa nzima, kila siku. Nilijifunza kupaka mafuta kusine kwa kidole, kukaza boliti kwa zamu ili chuma kisipinde. Miaka yote nilidhani najua ukimya wa binti yangu. Kumbe ukimya wa mtu aliyeshika klee, ufunguo wa boliti, ni mwingine. Huo unaongea. Katikati ya pistoni ya pili na ya tatu aliniambia kwamba siku ile nyuma ya injini hakuwa anaogopa kufa. Alikuwa anaogopa nife mimi na abaki yeye na papa, ambao hakuna kati yao anayejua kupika maharagwe.

"Ungejifunza," nikasema.

"Tungekula mukate," akasema. "Lete ile klee ya kumi na tatu."

Tuligombana mara moja tu, lakini vizuri. Tulipomaliza kuweka mnyororo unaounganisha juu na chini ya injini, alianza kuizungusha kwa mkono, kwa ufunguo mrefu. Ikaenda kidogo, ikagota.

"Sukuma," nikamwambia. "Cherehani ikikwama unasukuma gurudumu kidogo, inaachia."

"Mama, iyi haiko sherehani. Nikisukuma nitapinda supape," akasema, akimaanisha vali za injini.

"Nimeshona miaka kabla hujazaliwa."

"Basi shona."

Niliondoka salo na kufunga mlango kwa nguvu kiasi kwamba kuku wa ndani ya gari waliruka. Nilikaa mbele ya cherehani yangu nimenuna kama mtoto, sina hata kitambaa cha kushona. Baada ya kitambo nikakumbuka kwamba cherehani nayo, sindano isipokutana na ndoana kwa wakati wake, inagota hivyo hivyo, na dawa yake si kusukuma. Nikarudi. Nikamkuta ameketi chini, mikono imelegea, machozi yamechora mistari kwenye grisi. Nilimwambia tuangalie upya alama za meno ya mnyororo. Aliinama na taa, kisha akasema jambo ambalo wasichana wa umri wake hawalisemi kirahisi.

"Nimeruka jino moja. Ni mimi."

"Na mimi nilitaka uvunje kabisa," nikasema. Tukafungua mnyororo, tukaanza tena.

Kuirudisha ndani ya gari ilikuwa kazi ya mtaa mzima, na kila mwanamume wa mtaa alikuwa na shauri. Mmoja alisema tuweke chumvi kwenye maji ya rejeta. Binti yangu aliwashukuru wote kwa heshima na hakufuata hata mmoja. Tukawahamisha kuku. Akaingia, akazungusha ufunguo. Injini ikakohoa, ikatoa moshi mweupe uliowafukuza washauri, ikakohoa tena, halafu ikashika. Sauti yake haikuwa ya kunguruma kama nilivyodhani. Ilikuwa laini, kama cherehani nzuri iliyotiwa mafuta, nami nikasema hivyo. Binti yangu alitoa kichwa dirishani.

"Sasa unaweza kuiita sherehani," akasema.

Tuliijaribu kwenye lami ya barabara ya Sake, mpaka Mugunga na kurudi, yeye kwenye usukani na mimi nimeshika mlango. Hakuwa na leseni, na siku hizo hakuna aliyejua leseni inatolewa na nani. Kila mtu tuliyempita alitutazama kutoka juu, hata waendesha baiskeli. Pale Mugunga, mahali wakimbizi wa vita walipokuwa wamejenga vibanda vya turubai na sasa pamebaki mawe na vijiti, alipunguza mwendo bila mimi kumwambia. Mwanamke mmoja aliyekuwa anauza mahindi ya kuchoma aliinama kutuona vizuri, akauliza kama tumetumbukia shimoni.

Mdogo wangu aliporudi kutoka Butembo alisikia sauti ya injini kabla hajafika langoni, akaingia mbio. Alilizunguka gari lake. Akaniuliza fundi ni nani.

"Muulize mwenyewe, iko naosha mikono."

Alipomwona mpwa wake anatoka na kopo la sabuni, aliketi kwenye jiwe. Alimshukuru sana, kwa maneno mazuri, na machozi kidogo, maana yeye ni mtu wa machozi. Kisha akasema amepata mtu Bukavu anayelitaka gari, na kwamba ameamua kurudi kwenye malori. Nilitaka kumpiga na kiatu. Binti yangu alisema tu, "Sawa, mujomba. Gari ni yako."

Siku ya kulisafirisha tulikwenda bandarini sote. Wapagazi waliweka mbao mbili nene kutoka gatini hadi kwenye boti, wakaanza kubishana nani aliendeshe juu, kwa sababu kila upande ulikuwa na kiganja kimoja tu cha nafasi, na chini ni ziwa. Mdogo wangu alirudi nyuma hatua kadhaa. Shule zilikuwa zimefunguliwa, na binti yangu alikuwa amevaa sare, bluzi nyeupe niliyoipiga pasi mwenyewe asubuhi. Akachukua ufunguo mkononi mwa mjomba wake, akashuka ndani ya gari, akafunga mlango. Wapagazi walicheka. Kisha mbao zikaanza kulia chini ya magurudumu, nao wakasogea kumtazama. Alipanda polepole, kichwa kimenyooka, bila kugusa breki hata mara moja, mpaka gari likakaa sawasawa kwenye sakafu ya boti.

Alitoka mwenyewe, bila kuvutwa mkono, na bluzi ilikuwa bado nyeupe. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, mbele ya wapagazi na askari wa bandari. Mdogo wangu akaniuliza kama ni kwa sababu ya gari. Nikamwambia ndiyo, maana hiyo ilikuwa rahisi kueleza.