Njia ya Chumvi Nyuma ya Kijiji Chetu

Sisi tuliokulia vijiji vya upande wa Samuye, Shinyanga, hatukuhitaji mtu wa kutuhimiza tupande milima kwa ajili ya afya. Mlimani ndiko tulikochuma matunda ya furu mpaka midomo ikawa myeusi, ndiko kuni zilikotoka, na ndiko tulikojificha tukishavunja kibuyu cha nyumbani. Asubuhi tulikimbia mchakamchaka shuleni, mkono mmoja fagio, mwingine kidumu cha maji ya bustani ya mwalimu. Mchana tulikula matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa juani, tukishushia maziwa mgando. Jioni ilikuwa rede, kulengana na kukwepa mpira, mpaka Mama aite mara ya tatu. Mara ya nne haikuwepo. Badala yake ilikuja fimbo. Binti yangu wa leo, hapa Nyahanga ninapoishi, akipanda ngazi za ghorofa mbili anapiga picha na kuwatangazia watu kwamba amefanya mazoezi.

Nyumbani kwetu alikuwepo babu yetu, mzazi wa Baba, ambaye wajukuu wote tulimwita Guku, kama Wasukuma wanavyoita babu. Alikuwa mrefu, mkali, nyonga imemharibika, anatembea kwa fimbo mbili. Na alikuwa na hadithi moja. Kwamba alipokuwa kijana, yeye na wenzake walikwenda kwa miguu mpaka ziwa la chumvi, huko mashariki kabisa karibu na Eyasi, wakarudi na mizigo ya chumvi mabegani. Kwamba njia yao ilianzia nyuma ya kijiji chetu na kupita katikati ya mawe. Alikuwa anaisimulia kila tunapoweka chumvi kwenye mlenda, na chumvi tuliiweka kila siku.

Hakuna aliyemwamini. Wenzake wote walikuwa wamekwisha kufa, na chumvi ilikuwa dukani. Mama zetu walicheka mikono ikiwa mdomoni. Baba hakucheka, lakini alimkatisha kwa upole ulioniuma hata mimi mtoto: "Baba, kula, ugali unapoa."

Nilipokuwa darasa la nne, mvua haikunyesha. Lambo lilikauka mpaka matope yakapasuka kama vigae. Kaka zetu wakubwa walihamisha ng'ombe kwenda mbali, sisi tukabaki na mbuzi wachache. Mama alikuwa ananyonyesha mdogo wetu wa mwisho. Alikuwa anatoka kabla ya jua, mtoto mgongoni, ndoo kichwani, kwenda kungoja zamu kwenye mashimo yaliyochimbwa mtoni. Siku moja alirudi saa nane mchana na ndoo tupu. Alikaa kwenye kizingiti, akamweka mtoto kifuani, na mtoto akanyonya akaacha, akanyonya akaacha, akilia. Sijawahi kuogopa kama siku ile.

Jioni, Guku akasema, "Maji yapo."

Baba akashusha tonge. "Wapi, Baba?"

"Njia ya chumvi. Kituo cha tatu. Tuliyafunika wenyewe."

Baba alimtazama, akatazama chini. "Baba, watu wana shida. Tusiwatanie."

Guku alisukuma bakuli, akachukua fimbo zake, akatoka. Kabula, mtoto wa baba mdogo, ambaye kwetu ni dada kabisa, alinikanyaga mguu. Kabula alikuwa na miaka kumi na miwili na hakuogopa mtu. Tulimfuata Guku uani.

"Guku, kituo cha tatu tutakijuaje?" Kabula akauliza.

Alitukagua kwanza, kama anayechagua ng'ombe mnadani. Kisha akainama, akapanga mawe matatu chini. "Mkiona mafiga, hapo watu walipika. Hesabuni mafiga mara tatu. Pale pa tatu kuna jiwe limelala kama ng'ombe anayecheua. Upande wa magharibi, chini yake, kuna mawe madogo yamerundikwa. Hayakurundikwa na Mungu. Yaondoeni."

Jumamosi tuliaga tunakwenda kuni. Tulibeba panga, kata na kidumu cha lita tano. Nyuma ya zizi tulipenya kwenye ua wa minyaa, tukapanda. Mafiga ya kwanza tuliyapata upesi, na nikaona aibu, kwa maana nilikuwa nimeyakalia mara mia nikila furu bila kujiuliza nani aliyaweka. Ya pili yalikuwa kwenye uwazi wa nyasi kavu. Mawe yalikuwa meusi kwa ndani, na karibu yake kulikuwa na kigae cha chungu chenye michoro ya kucha. Kabula alikishika muda mrefu. "Minza," akaniambia, "mzee hakudanganya."

Baada ya hapo njia ikapotea. Mbele yetu ulikuwa mwamba mtupu, mpana kama uwanja wa shule, na jua limetusimamia utosini. Tulikwenda kushoto tukakuta korongo. Tulikwenda kulia tukakuta miiba. Tukaanza kugombana. Kabula alitaka turudi kesho. Mimi nilimwona Mama akilini, amekaa pale kizingitini, nikakataa. Kwa hasira nikavua ndala, nikakaa chini, na hapo nyayo zangu zikahisi kitu. Mwamba wote ulikuwa unakwaruza kama msasa, lakini mahali nilipoweka miguu palikuwa laini. Niliinama nikatazama. Mstari mwembamba ulikatiza mwamba, unang'aa kidogo, kama mpini wa jembe ulioshikwa miaka mingi. Ilikuwa miguu ya watu. Watu wengi mno, wenye mizigo, mpaka jiwe likakubali.

Tukaufuata kwa miguu mitupu, mwamba ukituunguza, tukirukaruka na kupiga kelele. Ng'ombe wa mawe alikuwa anatungoja upande wa pili, amelala, na mafiga ya tatu yako mbele yake. Lile rundo nalo lilikuwepo, upande wa magharibi. Tuligonga kwa panga kufukuza nyoka, kisha tukaanza kutoa jiwe moja moja. Kucha zilikatika. Chini ya mawe hapakuwa na maji. Kulikuwa na mchanga.

Kabula alikaa chini akaanza kulia, Kabula ambaye sikuwahi kumwona akilia. Mimi nikaingiza mkono mchangani. Ulikuwa baridi. Nikachimba kwa kata, yeye akafuta machozi akachimba kwa panga, mpaka mkono ukazama kufika kwenye kiwiko, na harufu ya mvua ikapanda kutoka ndani. Maji yalikuja taratibu, yakajaa kiasi cha kikombe, machafu, halafu masafi. Tukayachota, yakaja tena. Kujaza kile kidumu kulituchukua mchana wote.

Mama alitupokea na fimbo mkononi, na alikuwa na haki. Lakini Baba alikuwa ameona kidumu.

"Mmechukua maji ya nani?"

"Ya Guku," Kabula akajibu.

Baba alimpelekea Guku kikombe cha maji yeye mwenyewe. Guku alikunywa kidogo, akakaa na maji mdomoni. Nilidhani atajisifu mpaka asubuhi. Hakujisifu. Alituuliza swali moja tu: "Mafiga bado yamekaa?"

"Yote, Guku."

Akafunika uso kwa kiganja.

Kesho yake Baba alimbeba babu yetu mgongoni. Alikataa kusaidiwa. Alipanda mlima ule mzima na mzazi wake mgongoni, akipumzika kwenye mafiga ya kwanza, akipumzika kwenye ya pili, na wanaume wa kijiji nyuma yao wakiwa na majembe na ndoo. Kwenye mwamba alivua viatu. Nilimsikia akisema, akihema, "Baba, nisamehe." Guku akajibu, "Angalia unapokanyaga." Kule juu, wanaume wakipanua shimo, Guku aliteremshwa akakaa kwenye mafiga ya tatu, akaanza kutaja majina ya vijana waliopika pale pamoja naye: nani alikuwa mvivu wa kuchota, nani aliimba, nani aliugua wakati wa kurudi wakamzika njiani. Mimi na Kabula tulikuwa tunachezea maji.

Maji yale hayakutosha ng'ombe, lakini yalitosha watu kwa zamu mpaka mvua iliporudi, na mdogo wetu aliishi. Leo ni fundi ujenzi mwenye kitambi. Kabula yuko Geita, ana karasha lake la kusaga mawe ya dhahabu, na wanaume wanamwita bosi. Guku alituacha miaka michache baadaye, na hadi mwisho wake hakuna aliyemkatisha tena mezani.

Mwaka huu nilipanda tena, na vijana wa kikundi cha matembezi kutoka Shinyanga mjini. Walikuja na bodaboda, kofia, miwani na chupa za maji za kila rangi. Kwenye minyaa tu, kijana mmoja alitazama ramani kwenye simu akaniambia kwa heshima, "Mama, hapa hakuna njia." Nikamwambia avue raba. Alidhani natania. Tulipofika kwenye mwamba, wote kumi na wawili walikuwa pekupeku, wanacheka na kulia "aii" kama sisi zamani, na kusema kweli niliwapenda.

Pale kwenye mafiga ya tatu, binti mmoja alikaa karibu yangu, akawasha simu irekodi. "Mama, waliopika hapa walikuwa akina nani?"

Nikafungua mdomo. Guku aliwataja wote, kwa sauti, mbele yangu, nami nilikuwa na masikio mazima. Lakini nilikuwa mtoto, maji yalikuwa baridi, na enzi zetu tuliamini wazee watakuwepo siku zote. Nilimwambia majina mawili niliyobaki nayo, Luhende na Masele. Binti akayarudia polepole, akaniuliza yanaandikwaje, akayahifadhi.