Mkono Usioinuka

Mjukuu wangu, msichana wa miaka sita, aliletwa kutoka Merti juu ya pikapu ya mizigo, shavu limemvimba. Kabla sijampeleka kliniki, mfanyabiashara mmoja wa mbuzi alinionya kwamba sindano ya meno hupofusha jicho. Nilimuuliza ni mtoto gani aliyemwona kwa macho yake mwenyewe akipofuka. Hakuwa amemwona yeyote.

Kliniki yetu ya Isiolo ilikuwa imepokea wanafunzi wa udaktari wa meno waliokuja kujifunza kazi. Aliyepangiwa mtoto wetu alikuwa binti mwembamba, na nyuma yake alisimama mwalimu wake, mikono mgongoni. Mwalimu alinieleza kwamba jino la utotoni humshikia nafasi jino la ukubwani, hivyo halifai kung'olewa ovyo; bora lisafishwe kwa mashine na kuzibwa. Tena, mtoto akishindwa kutulia, ingebidi apelekwe hospitali kubwa ya mbali, alazwe usingizi wa dawa.

Kwa hiyo nilimvuta mjukuu wangu kando mlangoni, yule binti akituona kwa mbali, nikamwambia kwamba kwetu watu hawalii mbele ya wageni, wala hawatikisiki.

Yule binti alimlaza mtoto kwenye kitanda cha matibabu, akamzungushia brashi ya mashine juu ya ukucha wake ili asiiogope. Wakapatana: mtoto akiumia, ainue mkono, naye ataacha papo hapo. Akamdunga sindano ya ganzi, akasubiri, akagusa ufizi na kuuliza kama kuna maumivu.

"Haiumi," mtoto akasema.

Mashine ikaanza kulia. Mikono ya mtoto ilitulia juu ya tumbo, nami nikaridhika. Ghafla mashine ikanyamaza. Mwalimu akauliza sababu ya kusimama.

"Vidole vya miguu vimekunjika," mwanafunzi akajibu.

Nikatazama. Kandambili moja ilikuwa imeanguka sakafuni, na vidole vilijikunja kama vinavyoshika kamba.

"Amesema haiumi," nikasema.

"Amesema, mzee. Ulimwambia nini pale mlangoni?"

Nikamweleza, bila kuona haya, kwa kuwa uvumilivu ndio malezi yetu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Basi mwondolee hilo agizo. Mimi siwezi, si mimi niliyelitoa."

Nimefundisha darasani hadi kustaafu, na sikuwahi kutangua amri yangu mbele ya watu. Nilimtazama mwalimu, nikitaraji amkemee mwanafunzi wake. Yeye alinielekeza kwa kidevu nimtazame mtoto. Mtoto naye alikuwa akinikodolea macho, kinywa wazi, mate yakimtiririka shavuni.

Nikainama. "Ukiumia, inua mkono. Nimekuruhusu."

Alichomwa ganzi nyingine, wakangoja tena. Mashine ilipolia, hata kabla haijafika kinywani, mkono ukapaa. Mwanafunzi akazima. Akawasha, mkono ukapaa tena, naye akazima vilevile, bila kununa. Nilitaka kumgombeza mtoto. Nikajizuia. Niliona kwamba mtoto alikuwa anatupima, na anayepimwa zaidi nilikuwa mimi.

Mara iliyofuata mkono ulibaki tumboni. Sikuuamini. Nikahamisha kiti changu hadi mwisho wa kitanda, nikavikazia macho vidole vile vya miguu: vilikunjuka kimoja baada ya kingine, vikalegea. Sikuviacha hadi jino lilipozibwa na mashine kuzimwa. Kisha nikaokota kandambili, nikamvika.